Mbwa wa Ghorofa ya Tatu

Ukitoka Gare du Midi, stesheni kubwa ya treni jijini Brussels, inua macho utazame mapaa. Juu ya jengo moja jirani na stesheni kuna kichwa kikubwa cha kijana mwenye kishungi cha nywele, na ubavuni mwake kichwa cha mbwa mweupe. Ni Tintin na mbwa wake Milou. Wako pale juu tangu 1958, wanazunguka polepole, na usiku huwaka taa. Jengo hilo lilikuwa la kampuni ya Lombard, iliyokuwa ikichapisha jarida la Tintin.

Watoto wa jirani zangu wanampenda Milou. Baba yao hampendi Tintin hata kidogo, kwa sababu ya kitabu cha 1931 kinachomtembeza Kongo na kuwachora watu wa huko kama wajinga wasiojua mbele wala nyuma. Baba ni mtu wa Bukavu, ana haki yake. Lakini mbwa, hata yeye anakubali, hana kosa.

Familia hii inakaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ya matofali isiyo na lifti, si mbali na reli. Mama ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Watoto ni watatu, msichana wa miaka 12 na mapacha wa kiume wa miaka 8. Mimi nakaa chini yao. Kabla sijastaafu nilifanya kazi miaka mingi kwa madaktari wa mifugo, basi kila swali la mwenye mkia linateremka ngazi mpaka mlangoni kwangu.

Siku moja likaja hili.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mko wote watatu?"

"Babu, Baba amekubali tufuge mbwa. Tumeshapanga. Awe mkubwa, awe na manyoya mafupi, kwa sababu sisi ni familia ya mazoezi na Mama hataki manyoya kwenye zulia. Sasa wewe tuambie jina la aina yake tu."

Jina tu! Nikawaambia wavae viatu, twende tukatembee.

Tukapita chini ya daraja la reli, tukaingia upande wa Anderlecht, katika eneo liitwalo Cureghem. Dakika chache tu kutoka stesheni kuna mtaa unaoitwa Rue des Vétérinaires, yaani mtaa wa madaktari wa mifugo. Wasafiri wengi wa Gare du Midi hawaujui, na kwa kuutazama hauna la ajabu. Lakini hapa Cureghem palikuwa na shule ya taifa ya udaktari wa mifugo, iliyofundisha kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kuhamia Liège. Na hapa ndipo lilipoulizwa swali kama la watoto hawa, miaka mingi kabla yao.

Mwulizaji alikuwa profesa wa shule hiyo, Adolphe Reul. Wakati ule nchi jirani zilikuwa zinajisifia mbwa wao, na Wabelgiji walikuwa na mbwa wa kuchungia kondoo waliojaa vijijini, wa kila rangi na kila nywele, wala hakuna aliyejua kama wale mbwa ni aina moja, au aina nyingi, au mchanganyiko tu usio na ukoo. Tarehe 15 Novemba 1891, Reul akawaita wachungaji walete mbwa wao Cureghem. Wakaja na mbwa 117. Fikirieni wanangu, mbwa 117 wa kijijini, kila mmoja amezoea kuamrisha kundi lake la kondoo, wote uani pamoja!

Reul na wenzake wakawatazama mmoja mmoja. Walichokiona ni kwamba wengi wao walikuwa na mwili ule ule, yaani umbo jepesi lenye misuli, masikio ya pembetatu yaliyosimama wima, macho meusi yasiyotulia. Kilichotofautiana ni nywele. Wengine walikuwa na manyoya marefu, wengine mafupi, wengine magumu yaliyosimama ovyo. Basi wakaamua kuwa hao ni mbwa wa aina moja, na nywele ndizo za kuwagawia makundi.

Baadaye kila kundi lilipata jina la mahali. Weusi wenye manyoya marefu waliitwa Groenendael, kwa sababu Nicolas Rose, mwenye mkahawa huko Groenendael kando ya msitu wa Soignes, ndiye aliyewazalisha. Wa kahawia wenye manyoya marefu wakaitwa Tervuren, na wazazi wa hawa watoto wanaujua mji huo kwa jambo lingine, maana ndiko lilikojengwa lile jumba la makumbusho lililojaa vitu vya Kongo. Wenye manyoya magumu walichukua jina la Laeken, kwenye kasri la mfalme. Na wenye manyoya mafupi walipendwa sana na wachungaji wa Mechelen, mji ambao kwa Kifaransa ni Malines. Hao ndio Malinois.

Mapacha wakaruka juu. "Huyo, Babu! Mkubwa, manyoya mafupi, na kwao ni hapahapa! Tena ni mbwa wa polisi!"

Ni kweli yote manne, ingawa "mkubwa" tuliseme kwa adabu. Dume la Malinois husimama kama sentimita 62 kutoka ardhini hadi begani na huwa na kilo 25 hadi 30. Ukubwa wake si wa mwili peke yake. Na sasa ndipo nilipowaomba wakae kwenye ngazi za nyumba moja, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wengi hukosea, wakamchagua mbwa kwa kumtazama.

Nikawauliza: Reul aligawa mbwa wake kwa nywele. Je, kwa kufanya hivyo aligawa akili zao? Hakugawa. Ukimvua Groenendael joho lake jeusi na kumvika Malinois, aliyemo ndani ni yule yule mchungaji. Nywele ni shati. Zinakwambia utafagia mara ngapi na kama mbwa atahisi baridi. Hazikwambii atataka nini kwako Jumatatu asubuhi. Hilo linaamuliwa na kazi waliyoifanya babu zake.

Mchungaji wa kondoo hawezi kumwambia mbwa kila dakika la kufanya. Mbwa lazima aone mwenyewe, aamue, akimbie. Vizazi na vizazi, wachungaji walizalisha wale wanaoona upesi na kukimbia bila kuchoka. Mvivu hakuachwa azae. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Sasa mchukue mjukuu wa ukoo huo, umfungie kwenye fleti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kondoo hawapo. Ataanza kuchunga anachokiona. Mapacha wakipita na skuta atawazunguka na kuwadokoa visigino. Mapacha wakienda shule atachunga tramu kupitia dirishani, akizibwekea kila zinapopita, na tramu za mtaa huu hazina mwisho. Zikimchosha tramu, kuna kochi.

Msishangae pia kwamba aliishia polisi. Mwishoni mwa karne ya 19 kazi ya kuchunga ilikuwa inakwisha Ubelgiji. Mashamba yalizungushiwa ua, na mifugo ikaanza kusafirishwa kwa treni badala ya kuswagwa barabarani. Nchi hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika bara la Ulaya kupata treni ya abiria, mwaka 1835, na safari hiyo ya kwanza ilitoka Brussels kwenda wapi? Mechelen! Reli iliyoufikia mji wa Malinois mapema kuliko miji mingine ndiyo iliyosaidia kumnyang'anya kazi. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent wakaanza kuwafundisha mbwa wa doria, na wale wachungaji waliokosa kondoo wakapata ajira mpya. Mpaka leo wanayo. Hata Mombasa, mbwa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya hunusa mizigo kutafuta pembe za ndovu, na Malinois wamo katika kazi hiyo.

"Kwa hiyo ni mbwa mbaya?" akauliza pacha mmoja, sauti imeshuka.

La hasha. Ni mbwa mzuri mno, kwa mtu mwenye kazi ya kumpa kila siku, na maarifa ya kumfundisha tangu mdogo. Kwa familia ya watu watano wanaotoka nyumbani asubuhi, ni mfanyakazi hodari asiyelipwa, naye atakudai.

Nikawasimulia na habari ya mbwa ambaye hawatamwona popote, kwa sababu alikuwa ndiye hasa waliyemwelezea. Zamani, kabla ya malori, maziwa katika miji ya Ubelgiji yaliletwa kwa mikokoteni inayokokotwa na mbwa. Wauzaji, wengi wao wanawake, walitembea kando ya mkokoteni wenye makopo ya shaba yanayong'aa. Mbwa aliyevuta aliitwa mâtin belge: mkubwa, mzito, mabega mapana, manyoya mafupi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Ubelgiji lilikuwa na mbwa wa namna hiyo waliokokota bunduki za rashasha. Kisha magari yakaja, mikokoteni ikatoweka, na mbwa wake wakaenda nayo. Postikadi za zamani zimebaki. Hakuna aliyewachukia. Kazi yao tu ndiyo iliyoisha.

Tulirudi nyumbani tukamkuta Mama anamenya ndizi. Nikaomba karatasi na kalamu. Nikamwambia msichana aandike siku saba za juma, na chini ya kila siku aandike nani anafanya mazoezi gani, saa ngapi.

Ikaonekana hivi. Mama hukimbia kando ya mfereji wa maji unaokwenda Charleroi, asubuhi tatu kwa juma, kabla ya kazi. Baba ana baiskeli nzuri sana, na huiendesha Jumapili kama hakuna mvua. Na hapa ni Brussels, mvua haikosi. Watoto wana mpira Jumatano mchana, siku ambayo shule za Ubelgiji hufungwa saa sita, na Jumamosi. Msichana anaogelea Ijumaa.

"Mbona Jumatatu ni tupu?" nikauliza. Hakuna aliyejibu. "Alhamisi nayo?"

Familia hii ni ya mazoezi kweli, sibishani. Lakini mbwa hawezi kucheza mpira wa watoto, haruhusiwi bwawani, wala hatakiwi kukimbia kando ya baiskeli kwa kilomita 40. Mazoezi yake ni ya kila siku, mara tatu kwa siku, pamoja na ile Jumatatu ya Novemba saa moja asubuhi, giza halijaondoka na mvua inanyesha kwa pembeni. Yule anayeshuka ngazi saa hiyo ndiye mwenye mbwa.

Mama akacheka, akaendelea kumenya. Nadhani alishajua ni nani.

Basi tukaanza kuwapitia. Msichana alikuwa na orodha yake.

Wa kwanza alikuwa mbwa wa Saint-Hubert, ambaye Waingereza humwita Bloodhound. Huyu naye ni Mbelgiji. Jina lake linatoka katika abasia ya Saint-Hubert, kwenye milima ya Ardennes, ambako watawa waliwafuga kwa uwindaji. Ni mkubwa kweli, dume huzidi kilo 45, manyoya mafupi, ngozi imelegea usoni na masikio yanaburura. Baba alifurahi kumwona kwenye orodha, kwa kuwa wako nyumbani kwao: tangu 2011 askari wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga wamekuwa na kikosi cha mbwa huko Rumangabo, Kivu ya Kaskazini, na Bloodhound wamo. Jangili akiua tembo na kukimbilia msituni, mbwa hupewa harufu yake, wakaifuata kilomita nyingi, hata ikiwa imepoa. Pua hiyo haina mpinzani.

Lakini mwenye pua hiyo akishaikamata harufu, masikio hufa. Utamwita mpaka sauti ikauke. Na kuna udenda. Unaning'inia kutoka kwenye midomo ile iliyolegea, akitikisa kichwa unaruka mpaka ukutani. Hapo Mama akaacha kumenya ndizi, akachukua simu.

Kwa Bibi, Ujiji. Maana Bibi huja kukaa nao, na Bibi ni mtu wa swala tano. Wengi kwetu pwani na maziwa makuu tumelelewa hivyo, mbwa ni mlinzi na yuko nje, na mate yake yakikugusa una kazi ya kujitwaharisha. Ukitaka kufuga mbwa katika nyumba ya watu wa dini tofauti au desturi tofauti, waulize wakubwa kabla mbwa hajaja, usiwaulize akiwa ameshalala kwenye mkeka. Bibi alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: "Mbwa na awe, mwanangu. Ila mate yake yasiguse kanga yangu ya kusalia. Na chumba ninacholala asiingie."

Kwa neno hilo Bloodhound akatoka. Akatoka pia Great Dane, mwenye udenda wa kutosha na sababu nyingine mbili: dume lake haliruhusiwi kuwa chini ya sentimita 80 begani, na akiumwa mguu, nani atambeba ngazi za ghorofa tatu? Tena mbwa wakubwa sana wana maisha mafupi. Great Dane wengi hawavuki miaka 10. Sikutaka kuwaficha watoto hilo.

Boxer naye tukampita upesi. Ana moyo wa mtoto na hupenda watoto, ila pua yake fupi humfanya ahangaike kupumua kwenye joto, na Mama hukimbia hata Julai. Dalmatian walimtaka kwa madoa. Niliwaambia kuwa huzaliwa mweupe kabisa, madoa yakatokea baada ya wiki mbili hivi, wakafurahi sana. Zamani alikimbia pamoja na magari ya farasi, na miguu yake haijasahau. Na baadhi yao huzaliwa viziwi, kwa hiyo anayenunua aombe cheti cha kupimwa masikio. Vizsla wa Hungaria na Weimaraner wa Ujerumani ni wawindaji wa siku nzima. Ni wazuri wa kutazama, manyoya yamelala kama yamepigwa pasi. Mmoja wao angeimaliza Jumatatu yao tupu kabla ya kifungua kinywa.

Tukabaki na wawili, na hao nawaeleza taratibu.

Labrador mnamjua. Babu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, wakivuta nyavu na kuokota samaki katika maji ya barafu. Ndiyo maana anapenda maji, anapenda kukuletea vitu mdomoni, na anapenda watu. Anafundishika. Anapenda na chakula, kupita kiasi, na sababu yake ni ya ajabu. Mwaka 2016 wanasayansi wa Cambridge waligundua kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro katika jeni iitwayo POMC, ile inayosaidia kuupa ubongo habari kwamba tumbo limeshiba. Habari haifiki vizuri, basi mbwa huona njaa hata baada ya kula. Akikutazama kwa yale macho ya huruma ukiwa na chapati, huenda haigizi. Lakini ukimpa kila mara, atanenepa na nyonga zitamuuma.

"Na manyoya yake ni mafupi," akasema msichana, akimtazama Mama. "Hayatadondoka."

Nilikuwa nimelivaa koti langu jeusi la sufu, na asubuhi ile nilikuwa nimemshika Labrador wa muuza magazeti. Nikamwita asogee dirishani. Nikachomoa unywele mmoja begani. Mfupi, haufiki hata kiungo kimoja cha kidole, mnene, umenyooka, ncha yake kali. Nikamwambia ajaribu kuondoa mwingine kwa brashi. Akapitisha brashi, unywele ukalala. Akaondoa brashi, ukasimama tena. Umejidunga ndani ya uzi. Nywele ndefu hujisokota na kuwa fundo unaloliokota kwa vidole. Hizi fupi huingia kwenye zulia moja moja na kukaa kama zilizoshonwa.

Tena Labrador ana manyoya ya tabaka mbili: la juu gumu linaloteremsha maji, na la ndani laini, zito, linaloshika joto. Malinois naye ni hivyo. Majira yanapobadilika, lile la ndani hutoka kwa mafungu. Mwenye tabaka moja tu hupukutisha kidogo, lakini Januari ya Brussels humtetemesha, itabidi avishwe koti. Mama akalitazama zulia lake, kisha akanitazama mimi. Sikuweza kumpa mbwa mkubwa asiyepukutisha kitu na asiyesikia baridi.

Wa pili ni mbwa wa mbio, Greyhound na binamu yake wa Kihispania, Galgo. Hapa watoto walinibishia. Mbwa anayeweza kufikia karibu kilomita 70 kwa saa, haraka kuliko farasi wengi, amfae mtu wa fleti? Lakini kazi ya babu zake ilikuwa kumwona sungura, kumfukuza kwa nguvu zote kwa muda mfupi, basi. Hakuumbwa kwa kazi ya kutwa. Ukimpa matembezi yake na nafasi ya kukimbia mahali palipozungushiwa ua, atarudi alale, na atalala sana, amejinyoosha kochi zima. Hapukutishi mno. Habweki ovyo. Hana udenda wa kumtisha Bibi. Huko Hispania, msimu wa uwindaji ukiisha mwanzoni mwa mwaka, Galgo wengi hutupwa, na Ubelgiji ni mojawapo ya nchi zinazowapokea, kwa hiyo si lazima kununua mtoto wa mbwa. Atahitaji koti la baridi. Na kamba isimtoke kamwe barabarani, kwani akimwona paka upande wa pili, hataona tramu.

Mama hawezi kukimbia naye mfereji mzima mwanzoni, ila atazoea pole pole. Hata mtoto wa Labrador angesubiri. Mifupa ya mbwa mkubwa inaendelea kukua mpaka avuke mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu, na mbio ndefu au ngazi nyingi kabla ya hapo huharibu viungo.

Baba akauliza watampata wapi. Jumapili asubuhi, soko la Midi hujaa kuizunguka stesheni, mojawapo ya masoko makubwa Ulaya: zeituni, nanaa kwa mafungu, masufuria, mazulia, viatu. Mbwa humwoni mezani. Sheria ya Ubelgiji hairuhusu mbwa kuuzwa sokoni, na tangu 1 Januari 2009 hata madukani ni marufuku. Ananunuliwa kwa mzalishaji mwenye kibali, au anachukuliwa kwenye kituo cha mbwa waliokosa wenyewe. Lazima awe na chipu chini ya ngozi ya shingo kabla hajafikisha wiki 8, awe ameandikishwa kwenye daftari la taifa, na awe na pasipoti yake. Ndiyo, pasipoti, ya Umoja wa Ulaya, ya buluu.

Wako wanaouza mtandaoni na kukukabidhi mbwa kwenye maegesho ya magari, bila kukuonyesha mama yake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Niliwapa watoto hesabu ya kuwanasa: chanjo ya kichaa cha mbwa haitolewi kabla ya wiki 12, na baada yake ni kusubiri siku 21 ndipo mbwa avuke mpaka kuingia Ubelgiji. Mtu akikuletea kibwa wa wiki 8 na kusema ametoka nje ya nchi juzi? Msichana alijibu kabla sijamaliza: anadanganya, kwa sababu lazima awe na wiki 15.

Kisha tukaongea habari ya treni, maana kwa watu wa Gare du Midi ndiyo gari lao. Kwenda Namur kutembea msituni, mbwa mkubwa anapanda kwa tiketi yake, na amefungwa kamba. Kwenda kwa shangazi London haiwezekani, kwa kuwa Eurostar ya London haichukui mbwa isipokuwa wale wanaowaongoza vipofu na kuwasaidia wenye ulemavu. Mapacha wakapendekeza kumvalisha miwani myeusi shangazi yao.

Jumamosi iliyofuata wakaenda kwenye kituo kimoja kinachopokea Galgo. Walidhani wanakwenda kuchagua. Kumbe wao ndio waliokaguliwa. Mama mmoja mwenye daftari aliwauliza wanakaa ghorofa ya ngapi, mkataba wa nyumba unasemaje kuhusu wanyama, mbwa atakaa peke yake saa ngapi, nani atamtembeza Jumatatu. Msichana akatoa karatasi yake. Jumatatu na Alhamisi sasa zilikuwa na majina: lake na la Baba.

Yule mama akaisoma, akapendezwa. Akauliza kama wana safari yoyote karibuni. Baba, ambaye hajui kusema uongo, akasema wanakwenda Kigoma Julai yote. Basi rudini Agosti, wakaambiwa. Mbwa aliyetupwa mara moja hawezi kupewa nyumba leo na kuachwa kwa wageni mwezi ujao.

Mapacha walilia ndani ya treni mpaka Midi. Msichana hakulia. Jumatatu saa moja kasoro asubuhi alipita mlangoni kwangu akiwa na koti la mvua, anakwenda kwa muuza magazeti kumwomba ruhusa ya kumtembeza Labrador wake.